Sista Jumlisha na Watu Wake Thelathini na Saba

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi mwandamizi wa kliniki yetu ya afya ya akili atafunga chumba namba kumi na moja, ataacha ufunguo mapokezi na kwenda zake nyumbani, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Katika miaka yote hiyo amechelewa kazini mara mbili tu. Mara ya kwanza ni siku aliyojifungua kitindamimba wake. Mara ya pili ni siku mlango wa nyumba yake ulipogoma kufunguka, ikabidi atokee dirishani. Siku hiyo alichelewa dakika nane, na kabla hajaulizwa akaandika barua ya kujieleza, kurasa mbili, pamoja na mchoro wa dirisha. Barua ipo kwenye faili lake. Sisi wa masjala tumeisoma zaidi ya mara moja, na si kwa sababu za kikazi.

Faili hilo lina jina lake kamili, jina zuri la kurithi kwa bibi yake, lakini hapa kliniki hakuna anayelitumia. Wagonjwa walimwita Sista Jumlisha, wafanyakazi tukafuata, na mwishowe Daktari Mkuu naye akaandika hivyo hivyo kwenye tangazo la kikao. Hakukasirika. Alisahihisha tu saa ya kikao, maana ilikuwa imekosewa.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na saba, wodi ya wanawake, na akakaa humo miaka kumi na sita. Wenzake wa wakati ule wanasema alikuwa na masikio ya ajabu. Akiwa amekaa zake mezani anajaza chati, aliweza kusema ni mgonjwa gani anayepita nyuma yake na kama amelala vizuri, kwa kusikia tu anavyoburuta ndala. Huyu dawa imemkubali, huyu bado, huyu anatembea kwa kujilazimisha ili tumruhusu aende nyumbani. Mara nyingi alipatia kuliko chati.

Ni katika wodi hiyo alipoona jambo ambalo wengi wetu tulikuwa tunalitazama kila siku bila kuliona. Tulidhani sonona ni huzuni tu: mtu analia, anapewa dawa, analia kidogo, anaruhusiwa. Yeye akaona kwamba machozi yakishakauka kuna kitu kinabaki. Mtu anasoma mstari mmoja wa gazeti mara nne na hajui amesoma nini. Mama anabandika sufuria halafu anasimama katikati ya jiko, hakumbuki kama ametia maji. Na wazo moja baya likimwingia kichwani halitoki. Analigeuza, analirudia, analigeuza tena, kutwa nzima. Watu wa namna hiyo tuliwaaga kwa furaha getini, na baada ya miezi michache tukawapokea getini hapo hapo.

Basi likaja tangazo la mafunzo ya wiki mbili. Mwanasaikolojia mmoja mgeni alikuwa anazunguka na mashine yake ya kufundishia umakini na kumbukumbu. Alieleza kwamba mguu uliotoka kwenye plasta haukimbii siku hiyo hiyo, unafanyishwa mazoezi. Na sehemu ya akili inayoshika na kuachia mawazo nayo inaweza kufanyishwa mazoezi, ikapata nguvu, ikasaidia dawa na mazungumzo kufanya kazi yake. Nafasi zilikuwa mbili. Walioomba alikuwa mmoja. Alirudi na cheti, mashine moja ya mkopo na hedifoni zake, akapewa iliyokuwa stoo ya mashuka, ndiyo chumba namba kumi na moja cha leo: meza moja, viti viwili, rafu tupu hadi darini, harufu ya sabuni ambayo haijatoka mpaka sasa, na dirisha linalotazama kamba za kuanikia.

Mashine ilidumu miezi minne. Asubuhi moja ilitoa moshi mwembamba, ikalia kidogo, ikanyamaza. Fundi wetu wa umeme aliifungua, akachungulia, akaifunga polepole na kutikisa kichwa kama mtu anayewapa ndugu taarifa mbaya. Tukajua hadithi imeishia hapo. Jumatatu iliyofuata Sista aliingia na madaftari manne ya shule, kila ukurasa una namba sitini alizoandika kwa mkono wake, namba kwa wino mweusi na majibu kwa wino mwekundu, akatangaza kwamba kuanzia leo mashine ni yeye.

Zoezi lenyewe ukilisikia utalidharau. Msomaji anasoma namba moja kila baada ya sekunde tatu. Wewe unajumlisha namba uliyoisikia sasa hivi na ile iliyoitangulia. Akisema tatu, halafu tano, unajibu nane. Akisema mbili, unajibu saba, kwa maana ni tano na mbili. Hapo ndipo watu wazima wanapoumbuka, kwa sababu kichwa kinataka kuichukua ile nane yako mwenyewe na kuijumlisha na mbili. Kichwa kinalipenda jibu lake. Hakitaki kuliachia. Wakati kinang'ang'ana nalo, namba nyingine imeshasomwa, na nyingine iko njiani.

Wafanyakazi tulijaribu, kwa majigambo makubwa. Mfamasia wetu, ambaye hupiga hesabu za vidonge bila kalamu, alianguka kwenye namba ya nne na kudai kwamba feni ilikuwa na kelele. Daktari Mkuu alifika ya tisa akasema ameitwa wodini. Hakuitwa. Aliyeshinda ni dereva wa gari la wagonjwa, aliyepata hamsini na mbili kati ya hamsini na tisa, na tangu siku hiyo hakuna kikao alichohudhuria bila kutukumbusha.

Na Sista alisoma namba hizo vipi! Hakupandisha sauti, hakushusha, hakuhimiza, hakusikitika. Alisoma kama mtu anayesoma namba za magari yasiyomhusu. Sekunde tatu zake alizipima kwa mguu wa kulia, akigonga sakafu taratibu chini ya meza, saa baada ya saa, mpaka fundi viatu wa pale getini akamuuliza kwa upole kama ana tatizo la nyonga, maana soli ya kulia ilikuwa inaisha mara mbili kwa mwaka na ya kushoto ikibaki mpya kabisa. Mgonjwa akikwama, akaanza kuomba radhi kwa jibu lililopita, Sista alimwambia neno lile lile alilomwambia kila mtu kwa miaka kumi na saba: "Jibu ukishalitoa si lako tena. Sikiliza namba inayokuja." Sisi tuliokaa upande wa pili wa ukuta tulilisikia neno hilo mara nyingi kiasi kwamba kuna mwenzetu alimwambia mumewe katikati ya ugomvi, na ugomvi ukaisha.

Daktari Mkuu mwanzoni hakukubali hata kidogo. Aliuliza mbele za watu, "Yaani tunatibu sonona kwa hesabu za darasa la pili?" Sista alianza kumpelekea karatasi moja kila mwisho wa mwezi. Humo aliandika nani amemaliza wiki sita za mazoezi, nani anasoma gazeti mpaka mwisho, nani analala, nani amerudi kazini, na pia nani hakusaidika hata kidogo. Hao wa mwisho hakuwaficha. Aliwaweka juu kabisa ya ukurasa. Hakuwahi kumwachisha mtu dawa, wala hakuwahi kusema mazoezi yake yanatosha yenyewe. Mwaka wa pili Daktari Mkuu akaanza kumpelekea wagonjwa kwa mkono wake mwenyewe, akidai kwamba wazo hilo amekuwa nalo siku zote.

Hizo ni sifa, na kila mstaafu anastahili sifa. Sasa tuseme la ukurasa wa tisa.

Ukurasa wa tisa ulikuwa wa wiki ya nne, kwa wale waliokwisha kuzoea. Sista alipouandika mara ya kwanza, mahali fulani katikati kulikuwa na mbili, nane, nane. Majibu yake: kumi, kumi na sita. Alipousoma kwa sauti akaona nane mbili zikifuatana zinamchanganya msikilizaji, hajui kama ni namba mpya au amerudiwa. Akaibadilisha nane ya kwanza kuwa saba. Ikawa mbili, saba, nane. Akafuta kumi, akaandika tisa. Sahihi kabisa. Lakini katika zoezi hili kila namba inaingia kwenye hesabu mbili, ya mbele yake na ya nyuma yake. Alirekebisha ya mbele. Ya nyuma akaisahau. Ukurasa ukabaki unasema, kwa wino mwekundu, mwandiko mzuri wa kuviringa, kwamba saba na nane ni kumi na sita.

Na ulisema hivyo kwa miaka mitatu.

Usimshangae Sista. Anayesoma namba kila sekunde tatu hajumlishi. Jicho liko kwenye namba inayofuata, na kalamu inafuata wino mwekundu. Mgonjwa akisema kumi na tano, kalamu inaweka alama ya kosa na kuandika jibu lake pembeni, basi. Cha kushangaza ni upande wa pili wa meza. Zoezi likiisha, karatasi ya mazoezi, iliyonakiliwa kutoka daftarini, iligeuzwa kumwelekea mgonjwa, namba zote wazi, nyeusi na nyekundu, na Sista akauliza, "Una swali?" Miaka mitatu watu waliitazama karatasi ile, wakaiona saba, wakaiona nane, wakaiona kumi na sita, wakaona kosa lao, wakatikisa kichwa. Hawana swali.

Mpaka alipokuja mama muuza viatu vya mitumba. Alikuwa ameletwa na mashemeji zake akiwa haongei. Wiki tatu za kwanza alijibu namba kwa kunong'ona, na nje ya namba hakusema neno. Wiki ya nne, ukurasa wa tisa, aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu yake. Sauti aliyoitoa tuliisikia masjala kupitia ukutani, sauti ya mtu wa sokoni hasa: "Sista! Saba na nane ni kumi na tano. Jana ilikuwa kumi na tano na kesho itakuwa kumi na tano. Hapo aliyekosea ni wewe!"

Sista alihesabu kichwani. Akahesabu tena kwa vidole, chini ya meza, kwa heshima yake mwenyewe. Kisha akamwomba yule mama msamaha, akambadilishia alama, akamshukuru, akamsindikiza hadi getini. Shemeji yake aliyekuwa akimsubiri alipomsikia yule mama anaongea, tena anagomba, alikaa chini palepale kwenye ngazi.

Sisi tulidhani Sista atacheka. Kosa la namba moja kati ya sitini, nani hajakosea? Alirudi akiwa na uso wa kijivu, akaja dirishani kwetu, akaomba mafaili ya kila mgonjwa aliyewahi kufika ukurasa wa tisa. Yalikuwa hamsini na mawili. Aliyabeba kwa mafungu, akajifungia. Jioni tulipokwenda kufunga tulimkuta ameyapanga kwenye zile rafu tupu za mashuka katika mafungu mawili. Fungu dogo ni waliokosea kweli au kukaa kimya. Fungu kubwa ni waliojibu kumi na tano. Walikuwa thelathini na sita, mbali na yule mama. Pembeni ya majina kadhaa aliona mwandiko wake mwenyewe: umakini umepungua hapa. Mmoja, mzee aliyekuwa karani wa bandari ya mizigo maisha yake yote, alikuwa amemwambia baada ya zoezi, naye akaliandika neno hilo kama alivyolisikia: "Samahani sista, hata hesabu ndogo zimenikimbia."

Daktari Mkuu alimwambia arekebishe ukurasa na yaishe. Hakuna aliyekufa kwa kumi na sita. Jibu alilopewa ndilo lililotufanya wengine tumtazame Sista kwa jicho jingine kuanzia siku hiyo. Alisema kwamba mtu mwenye afya ukimwambia saba na nane ni kumi na sita atakucheka, lakini hawa hawakumcheka, walimwamini. Ugonjwa wao kutwa unawaambia kwamba wamekosea, wamekosea, wamekosea. Wakaja kwake apunguze sauti hiyo, naye akaipigia muhuri. Akasema atawatafuta wote, mmoja mmoja, awaambie kwa mdomo wake kwamba walikuwa sahihi.

Tulimwona kama amechoka. Likizo ilikuwepo, tukamshauri aichukue. Akaichukua, na ndiyo aliyoitumia kuwatafuta.

Jumamosi baada ya Jumamosi alitoka na daftari lake na ile soli moja iliyolika. Wengine aliwapata kirahisi. Mwalimu mkuu mmoja alipomwambia kwamba kosa aliliona siku ile ile ila hakutaka kumwaibisha, Sista aliandika kwenye daftari: "Amepona kiasi cha kuweza kudanganya. Vizuri." Msusi mmoja alicheka mpaka akashikilia fremu ya mlango, na mteja wake, kichwa nusu kimesukwa, akaomba aelezwe ili naye acheke. Dereva wa lori alisema hakumbuki kabisa habari hiyo, akafunga mlango, akaufungua tena na kusema kwamba anaikumbuka. Yule karani wa bandari hakuridhika na maneno matupu. Alitaka iwe kwa maandishi, tena na muhuri. Sista akarudi kwetu, nasi tukachapa barua kwenye karatasi rasmi ya kliniki, yenye kumbukumbu namba, inayosema kwamba kwa barua hii inathibitishwa kuwa saba na nane ni kumi na tano, na kwamba mhusika alijibu hivyo kwa usahihi tarehe tajwa. Daktari Mkuu aliisoma mara mbili, akatutazama, akatia saini. Tunaambiwa imewekwa kwenye fremu sebuleni, juu ya picha ya harusi.

Lakini kulikuwa na faili moja ambalo Sista hakulirudisha rafuni. Fundi vigae, kijana wa miaka thelathini na minne, mtu wa kutandaza sakafu za watu. Alihudhuria bila kukosa hadi wiki ya nne. Siku ya ukurasa wa tisa alijibu kumi na tano, akapewa kosa, akaitazama karatasi, akasema hana swali, akatoka. Chini yake kulikuwa na neno moja: hakurudi. Miezi saba ilikuwa imepita.

Anwani kwenye faili ilisema tu nyuma ya karakana ya magodoro. Kumbe mjini kuna karakana tatu za magodoro, na ya tatu ndiyo yenyewe. Mlango ulifunguliwa na dada yake. Alikuwa ameacha kwake na watoto wake akaja kukaa pale, kwa sababu, alimwambia Sista kwa sauti ya chini barazani, hakutaka mdogo wake awe peke yake ndani ya nyumba hata usiku mmoja. Kazi ameziacha zote. Wateja wamekuja mpaka wamechoka. Fundi vigae anaishi kwa kupima na kuhesabu, na kigae ukishakikata vibaya hakiunganiki. Naye alikuwa amemwambia dada yake, siku aliyotoka kliniki, "Kama saba na nane zinanishinda, sakafu ya mtu nitaiwezaje?"

Haya ametusimulia Sista mwenyewe. Alijua sasa kwamba kijana hakusahau. Alikuwa ameishika hesabu ile ile, saba na nane, kwa miezi saba.

Alimkuta amekaa kwenye kigoda, ukutani, katika chumba ambacho sakafu yake ilikuwa imetandazwa vigae hadi katikati na kuachwa hapo. Nusu inang'aa, nusu saruji tupu, na rundo la vigae limeegemezwa pembeni. Akamweleza. Akamwonyesha ukurasa. Kijana aliutazama, akaurudisha, akamwambia bila hasira kwamba anashukuru, ila anajua ametumwa kumfariji. Sista akaapa. Kijana akasema watu wema huapa. Ugonjwa huu una ujanja huo: ukiutukana unakuamini, ukiusifu unakwambia muongo.

Basi Sista akavua viatu, akapiga magoti kwenye saruji, akaanza kuchukua vigae kutoka kwenye lile rundo. Aliweka saba kwa mstari. Akaweka nane chini yake. Lakini Sista, pamoja na karama zake zote, hajui kupanga kitu kikanyooka. Mapazia ya chumba namba kumi na moja ni ushahidi. Mstari wa kwanza ulipinda kushoto. Wa pili ulipinda kulia kabla haujaukaribia wa kwanza, na kigae kimoja kikakalia ukingo wa mwenzake. Dada mtu alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Kijana alitazama ile aibu sakafuni kwa muda. Akatazama pembeni. Akarudi kutazama. Kisha akasema, "Sista, hii kazi si yako," akashuka kwenye kigoda, na kuanza kuvinyoosha.

Alinyoosha kimoja kimoja, kwa ncha za vidole, akiacha nafasi sawasawa kati ya kigae na kigae, na kila alipokinyoosha kimoja midomo yake ilicheza. Alipofika mwisho wa mstari wa pili alisimamisha kidole. Akarudi mwanzo, akahesabu tena. Akasema kumi na tano. Hakumwambia Sista wala dada yake, alikiambia kigae. Sista hakusema neno, na hakuna atakayejua ilimgharimu nini kunyamaza. Walikaa hivyo, watatu, mpaka kijana alipomuuliza dada yake beseni analishikilia la nini, si aliweke chini.

Hakupona siku ile. Tunaandika hivi kwa sababu Sista ametuamuru tuandike hivi. Alirudi kliniki Jumatano ya wiki ya pili, dada yake nyuma yake hatua tatu, akaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, pamoja na dawa na mazungumzo ya kila wiki, na kuna wiki alizokosea zaidi ya nusu. Mwezi wa tano tangu arudi alikubali kazi moja, bafu dogo la jirani. Mwezi wa nane dada alirudi kwake kwa watoto wake. Leo kuna sakafu nyingi za mji huu alizozitandaza yeye, na huenda asubuhi hii umekanyaga mojawapo.

Yaliyobaki ni ya kiutumishi. Tangu hapo kila karatasi ya mazoezi katika kliniki yetu ina mstari wa chini usemao: tumekosea wapi? Mgonjwa hawezi kuondoka bila kuujaza, hata kama ataandika hakuna. Siku mgonjwa anapotukosoa kwa mara ya kwanza, kwa haki au kwa kutuonea, huandikwa kwenye chati kama tunavyoandika kushuka kwa homa. Kompyuta zilipokuja miaka sita iliyopita, na programu inayojua yenyewe kuongeza na kupunguza mwendo, tulidhani Sista atanuna. Alizipokea kwa mikono miwili. Alichoomba ni wiki tatu za kukagua majibu yote ya programu, elfu moja na mia mbili, kwa mkono, kabla mgonjwa yeyote hajagusa kitufe. Alikuta yote sahihi, akasikitika kidogo. Amefundisha wauguzi tisa. Wawili wanajua kusoma namba kama yeye, na mmoja ameanza kulika soli.

Tumemuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa. Kamati ilikuwa imeshafikiria kabati la vyombo. Amesema kabati analo, na kwamba anaomba nafasi kidogo katika jarida hili, kwa kuwa hukaa kwenye benchi la mapokezi na kusomwa na wageni wanaosubiri. Katika watu wake thelathini na saba, mama wa mitumba alijisahihishia mwenyewe. Thelathini na watatu amewafikia kwa miguu yake. Mmoja alikuta ametangulia mbele za haki kwa maradhi ya uzee. Aliwaambia wajukuu, nao wakamwambia kwamba babu hesabu alikuwa anaziweza siku zote. Bado wawili. Mmoja ni mwanamke aliyekuwa akishona sare za shule, akahama mji. Mwingine ni mwanamume mrefu aliyekuja na barua ya rufaa na hakuacha anwani. Miaka kumi na minne amewatafuta katika siku za mapumziko. Kuanzia tarehe mosi Julai anasema siku zote zitakuwa zake, na orodha ya vituo vya basi ameshaiandika.

Kwa hiyo, ndugu unayesoma hapa kwenye benchi, kama uliwahi kukaa katika chumba chenye harufu ya sabuni, ukasomewa saba, ukasomewa nane, ukajibu, ukaambiwa umekosea: hukukosea. Sista anakutafuta akuombe radhi. Mapokezi watakupa namba yake ya simu.

Nawe Sista wetu, ahsante kwa miaka thelathini na mitatu, ahsante kwa wale walioondoka hapa wakigomba. Mungu akupe afya, akupe wajukuu wakorofi, akuzidishie miaka ya raha, na hao wawili uwakute nyumbani.